Nani Kafungua Kitabu cha Vinamasi

Taimi Rantala hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo makusudi, maana mkishasikia habari yake mtataka kumsema, na huku kwetu wa kumsema hawajawahi kupungua. Alipika chakula cha shule mpaka akastaafu, na hakuna mtoto aliyeondoka mezani kwake na njaa. Ila alikuwa na shaka. Alishuku watu kama wengine wanavyopumua. Mpishi mwenzake akiomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno, Taimi alikwenda kukagua stoo. Mleta barua akitabasamu, aligeuza bahasha kuona kama gundi imeguswa. Mumewe Oiva alipoaga kwamba anakwenda Uswidi kufanya kazi kiwandani, msimu mmoja tu, Taimi alisimama kwenye kituo cha basi akawaambia waliokuwepo, "Huyu harudi." Kweli hakurudi. Na hilo ndilo lililomharibu. Mtu mwenye shaka akipatia mara moja hujiona nabii maisha yake yote.

Katika vyote alivyovilinda, hakuna alichokilinda kama kinamasi chake cha hilla. Hilla ni tunda la porini, la rangi ya chungwa, dogo kama ncha ya dole gumba. Halikubali kupandwa shambani. Linaota linapotaka lenyewe, kwenye maji meusi yenye mbu, na linaiva siku chache za Julai basi. Sheria yetu nayo haina choyo: tunda la porini ni la yeyote mwenye ndoo, msitu uwe wa nani uwe. Ndiyo maana hapa kijijini mtu atakusimulia operesheni yake ya tumbo mshono kwa mshono, lakini ukimwuliza hilla kazichuma wapi, atatazama dirishani na kusema, "Huko kinamasini." Uzio wa kinamasi ni mdomo wa mwenyewe.

Kinamasi cha Taimi kilikuwa cha mama yake, marehemu Hilja. Kiko nyuma ya makaburi ya kanisa, ng'ambo ya kilima, na kutoka barabarani huoni kitu ila misonobari. Mama alimpeleka huko akiwa mtoto wa miaka mitano, akamwambia, "Hapa ni petu." Taimi aliyashika maneno hayo kama kiapo. Kila Julai alitoa gari akaelekea upande usio wake, akazunguka ziwa zima, akaja kuegesha makaburini na ndoo mbili ndani ya mfuko wa maua. Alimwagilia kaburi la mama kwanza, kwa utaratibu, watu wamwone. Kisha akapotelea nyuma ya ukuta.

Hata wifi yake hakumwambia. Wifi huyo ni Elvi, mjane wa kaka yake Tauno, na nyumba zao zinatazamana, barabara katikati. Tauno mwenyewe alikuwa mtu wa samaki, mambo ya matunda hayakumhusu. Alipofariki, Taimi na Elvi walibaki wawili. Kila siku mleta barua akishapita, Taimi alivuka barabara kwenda kunywa kahawa kwa Elvi, na Elvi alikata jibini la kuoka, lile ambalo ukilitafuna linalialia menoni, akaweka kijiko cha hilla juu yake. Hilla zenyewe alipewa na Taimi, kopo moja kila mwaka. Elvi alisema asante, na hakuuliza zimetoka wapi. Taimi aliliona hilo pia. Mtu asiyeuliza, alijiambia, ana sababu yake.

Basi mwaka juzi, mwezi wa Mei, Elvi alimpokea na kishikwambi mkononi. Alikuwa amesoma kozi ya kompyuta ya wazee na kichwa kilikuwa kimemjaa moto.

"Wifi, hebu njoo uone."

"Nimekuja kunywa kahawa, sikuja sinema."

"Chuo kikuu kimeweka vitabu vya zamani humu ndani, vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Huvai hata viatu. Unaandika jina la kijiji, vinakuja vyenyewe."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

"Cha bure hakuna. Kuna kitu wanakitaka."

"Wanataka tusome, wewe mtu! Ni maktaba." Elvi alicheka, akasogeza kidole kwenye kioo. "Ona, hiki cha historia ya kanisa. Hiki cha nyimbo za harusi. Na hiki cha vinamasi, kuna mwanafunzi alizunguka huku zamani akichora ramani."

Taimi akaweka kikombe chini. "Vinamasi gani?"

"Vyetu, vya parokia hii. Vingine hata vilishakauka."

"Umekisoma?"

"Nimeona jina lake tu hapa kwenye orodha. Kwani nani anakaa kusoma vinamasi?"

Taimi hakula jibini siku hiyo. Alisema kichwa kinamgonga, akavuka barabara. Nyumbani alikuwa na kompyuta nzee aliyopewa shule ilipofungwa, kubwa kama sanduku la mkate, ikiwashwa inakoroma. Alihangaika nayo mpaka alasiri. Aliandika "vinamasi" tu, zikaja kazi za nchi nzima, za wataalamu wa mboji na wa vyura. Akaongeza jina la parokia, akaongeza na muongo ule wa hamsini ambao yeye alikuwa bado anatambaa, na kitabu kikatokea.

Kurasa zilikuwa za rangi ya chai. Kwenye ukurasa mmoja aliyepiga picha alisahau kutoa kidole, kikabaki pembeni na kucha yake, na Taimi alikichukia kidole kile kana kwamba kimeingia jikoni kwake. Lakini kilichomkata maini kilikuwa kisanduku kidogo pale juu, cha kutafutia neno. Aliandika "hilla." Kitabu kizima kikamwagika rangi ya manjano, kila neno hilo lilipokuwepo. Zamani mwizi angelazimika kusoma kurasa mia tatu za matope ndipo afike kwake. Sasa angeandika neno moja, huku anakunywa maziwa.

Alikwenda njano kwa njano. Vinamasi vingi vilivyotajwa vilishachimbwa mitaro baadaye, vikawa msitu wa kupanda, hakuna hilla hata ya kuweka kwenye jicho. Kisha akafika. Ramani ilikuwa safi kabisa: kanisa, makaburi, kilima, na nyuma ya kilima alama ndogo ya msalaba. Chini yake mwanafunzi yule alikuwa ameandika kwamba hapa hilla huzaa hata mwaka wa baridi kali, kwa maelezo ya mama wa nyumba ya Rantala, ambaye alimpeleka mwenyewe mpaka mahali penyewe na kumpa maziwa ya mgando.

Mama. Mama aliyemwambia "hapa ni petu." Alimwaga mtama penye kuku wengi, tena akaongeza na maziwa. Taimi alikaa mbele ya ile mashine akilia kwa hasira, na hakuona aibu kulia, maana hakuna aliyemwona.

Alipojifuta machozi ndipo akaona mstari mdogo chini ya ukurasa. Ulisema kitabu hiki kimefunguliwa mara nne. Akajitoa yeye. Wakabaki watatu. Watu watatu tayari wanajua.

Tangu siku hiyo Taimi hakunawa uso kabla ya kufungua kitabu. Aliamka, akawasha sanduku, akasubiri likorome, akatazama ile namba. Kila asubuhi ilikuwa imepanda. Siku nyingine roho haikutulia, akafungua tena baada ya chakula, na namba ilikuwa imepanda tena, hapohapo, mchana kweupe. Alijiona kama mtu aliye ndani ya nyumba anasikia kitasa kinajaribiwa. Nani huyo asiyelala? Na anatafuta nini kila siku, kama si kuikariri njia?

Kuhusu jina, hakuhitaji kutafuta mbali. Kijijini ni mtu mmoja tu aliyekitaja kitabu hicho kwa mdomo wake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akaanza kumsoma Elvi. Elvi alinunua buti mpya za mpira, nyekundu. Elvi aliuliza dawa gani ya mbu inafaa siku hizi. Elvi alisema, huku anakata jibini, "Theluji ilikaa vizuri mwaka huu, hilla zitajaa." Taimi aliitikia "mmh" na kuhifadhi kila neno. Dalili ya mvua ni mawingu, na yeye aliyaona yamejaa tele.

Akamtegea. Siku moja akasema, bila kumtazama, "Nasikia barabara ya makaburini imefungwa. Wanatengeneza daraja."

"Ahaa," alisema Elvi. "Basi Tauno atasubiri maua yake wiki ijayo."

Jibu la kawaida kabisa la mjane. Lakini Taimi alivuka barabara akijiambia: umeona? Hakushtuka. Alikuwa amejiandaa.

Mambo yalipasuka mwezi wa Juni. Asubuhi ile namba ilikuwa imepanda vibaya, kwa sababu ambazo mtaziona, na Taimi alifika kwa Elvi amekunja uso. Elvi akammiminia kahawa, akamsogezea sukari.

"Wifi, tusifichane," Taimi alisema. "Umefika ukurasa gani?"

"Wa nini?"

"Usinifanye mtoto. Wa kitabu cha vinamasi."

"Mimi? Nilikwambia sijakifungua."

"Namba inapanda kila siku. Nani mwingine anakijua?"

"Mwenzangu, umeamka salama?"

"Na buti?"

"Buti za nini?"

"Nyekundu. Umenunua za nini, kama si za kinamasini?"

"Za kufulia mazulia ziwani, Taimi. Zile za zamani zimetoboka. Unataka nikuletee uone tundu?" Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini mikono ilikuwa imeacha kukata jibini. "Unaniita mwizi."

"Sijasema mwizi."

"Umesema. Umekaa kwenye kiti changu, umeshika kikombe changu, ukasema."

"Nimeuliza tu. Mtu safi hakasiriki akiulizwa."

Elvi akanyanyuka. Alichukua kikombe cha Taimi, kahawa ikiwa bado nusu na moshi unafuka, akaenda akaimwaga kwenye sinki. Akaosha kikombe, akakikausha, akakirudisha kabatini. Huku kwetu mtu anaweza kukutukana mpaka mama yako, na kahawa bado ukanywa. Kumwagiwa kahawa ni kitu kingine. Taimi alitoka, na tangu siku ile hakuvuka tena barabara.

Huwezi kukaa hivyo. Nyumba ilimshinda. Mleta barua akishapita, miguu yake yenyewe ilinyanyuka kwenda, akairudisha. Alikuwa amekasirika na alikuwa mpweke, na vyote viwili alimbebesha Elvi. Mwishowe akaamua: atakwenda kwenye maktaba yenyewe ya chuo kikuu, akapewe majina. Akiwa na majina, hakuna wa kumwambia ameota.

Alivaa koti la kanisani, akapanda basi, saa mbili na zaidi mpaka mjini. Maktabani alichukua namba ya foleni kama tunavyochukua sote, akaketi ameishika mpaka ikalowa jasho. Aliyemwita alikuwa mama wa makamo, miwani kifuani, beji yake imeandikwa Seija.

"Nikusaidie nini, mama?"

Taimi akainama juu ya meza. "Nataka majina," alinong'ona.

"Majina ya nani?"

"Ya waliokifungua." Akamsukumia karatasi yenye jina la kitabu.

Seija alisoma, akatikisa kichwa taratibu. "Hayo hatutoi, mama. Anayesoma ana siri yake. Hata polisi hatumpi hivihivi."

"Na mimi je? Siri yangu iko humo ndani na ramani yake, mbona hamkuniuliza?"

"Siri gani?"

"Hakuna siri," Taimi alisema upesi. "Nataka mkitoe tu."

"Hatuwezi kukitoa. Ndugu wa mwandishi walituridhia, wamefurahi sana. Na si sisi tu, kimeshafunguliwa kwa dunia nzima."

"Watachuma zote!"

Watu wawili kwenye foleni waligeuka. Seija akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Watachuma nini, mama? Kuna hilla?"

Taimi akafunga mdomo, lakini alikuwa ameshajiponza. Alimshuku hata huyu: macho yake yalikuwa yameng'aa kidogo. "Kwenu ni wapi wewe?" alimwuliza.

"Kusini. Usiogope, mimi na mbu hatuelewani." Seija akaisogelea kompyuta yake, akabonyeza hapa na pale. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama muuguzi, "Mama, mashine yako ya nyumbani ni ya zamani sana?"

"Ni ya shule. Inakoroma."

"Basi sikutajii mtu yeyote, maana hakuna wa kumtaja. Mara tatu za kwanza ni sisi wenyewe hapa, tulikuwa tunakagua kama picha zimetoka vizuri. Zilizobaki zote zimetoka kwenye mashine moja, ya zamani mno, kila asubuhi. Siku nyingine na mchana. Kuna siku moja mwezi huu ilifungua mpaka tukadhani imekwama."

Taimi aliikumbuka siku hiyo. Ilikuwa siku ya kuamkia ugomvi, usingizi ulikuwa umemkataa.

"Kila mara ninapofungua inahesabu?"

"Kila mara."

"Hata kama natazama namba tu?"

"Mashine haijui unatazama nini, mama."

Taimi alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, tena kwa moto alioupuliza kila asubuhi. Na hata hapo alikuwa hajaona lililo baya zaidi. Seija, ambaye moyo wake ulikuwa mwema na ndiyo sababu alisema, aliendelea: "Kusema kweli tulifurahi. Tulidhani ni mtafiti. Vitabu vya huko kwenu hakuna anayevigusa, na hiki kimevipita vyote. Tumekiweka mbele." Akaigeuza kompyuta. Ukurasa wa kwanza wa maktaba, juu kabisa, palikuwa na ile ramani, kanisa na makaburi na kilima, na maneno makubwa: kinachosomwa zaidi kaskazini.

Kwenye basi la kurudi Taimi alitazama miti tu. Kituo chao kiko katikati ya nyumba mbili, ukishuka unachagua mwenyewe mkono upi. Dirisha la jikoni la Elvi lilikuwa wazi na redio ilikuwa inasema habari za hali ya hewa. Alisimama pale na pochi yake. Alijua la kufanya, mtu mzima yule, wala hakuhitaji kufundishwa. Lakini shaka ni kama ng'ombe mzee, hata ukimfungulia zizi anarudi mwenyewe. Sawa, alijiambia, jana hakukifungua. Na sasa kimewekwa mbele, je? Kesho atakiona, na yeye ana buti. Hilla zikiiva tutajua nani ni nani. Akaenda mkono wa kwake.

Gazeti la wilaya lilikiona kitabu kabla ya hilla kuiva. Waliandika nusu ukurasa, wakasifu chuo kikuu, wakamsifu mwanafunzi yule marehemu, na kwa wema wao wakachapa ramani. Huko dukani watu walinunua nakala wakiwa wametazama pembeni, kama wanaonunua dawa ya aibu.

Siku Taimi alipokwenda, hakuzunguka ziwa. Hakubeba mfuko wa maua. Barabara ya makaburini ilikuwa na magari pande zote mbili, kama siku ya mazishi ya mtu mkubwa. Alipita ukuta, akapanda kilima na ndoo zake mbili, akashuka, na sauti zikamfikia kabla ya watu.

Walikuwa wengi. Mleta barua alikuwepo, na mkuu wa shule mstaafu ambaye alimpikia miaka yote, na mchungaji mwenyewe na mfuko wa mkate, na akina mama wawili wenye lafudhi ya kusini ambao hawakujua hata kukanyaga, wanazama mpaka magotini huku wanacheka. Utando laini wa majani juu ya kinamasi ulikuwa umevurugwa, maji meusi yametuama kwenye kila unyayo. Kibaya zaidi walikuwa wamechuma mbichi. Hilla mbichi ni nyekundu na ngumu kama kokoto, mtu wa hapa hachumi, ni dhambi isiyoandikwa. Walichuma kwa sababu walijua kesho atakuja mwingine. Mleta barua alimwona Taimi, akaona haya, akainamia ndoo yake.

Taimi hakugombana na mtu. Alikuwa anamtafuta Elvi. Nitalisema waziwazi kwa sababu ndilo lililomfanya asilale baadaye: alimwombea awepo. Alitazama kila mgongo ulioinama, kila kitambaa cha kichwa. Alizunguka ukingo mzima wa kinamasi. Akimwona hapa, yote yatakuwa yamenyooka, ugomvi ule utakuwa wa haki, hata kahawa iliyomwagwa itakuwa imemwagwa na mkosaji. Alisubiri juu ya kilima mpaka gari la mwisho likaondoka. Kijiji karibu chote kilikuwa kimepita mbele yake. Elvi hakuwemo.

Alimkuta ziwani, kwenye ngazi ya mbao ya kufulia, amepiga magoti anasugua zulia la matambara kwa brashi na sabuni ya msonobari. Mazulia mengine mawili yalikuwa yametundikwa, yanachuruzika. Elvi alisikia hatua, hakugeuka.

"Hukwenda," Taimi alisema.

"Wapi?"

"Unajua wapi."

"Najua." Brashi iliendelea. "Nilisikia magari toka asubuhi."

"Ramani ilikuwa gazetini. Mtu yeyote angeweza kwenda."

"Mimi sikuhitaji ramani." Elvi akamwaga maji juu ya zulia, akatazama povu likikimbilia ziwani. "Mama alinipeleka. Mwaka ule uliofanyiwa upasuaji wa mgongo, ukalala hospitali Julai nzima. Alikuja mlangoni kwangu akaniambia, mkwe wangu, chukua ndoo. Miguu ilikuwa imeshaanza kumkataa. Zile hilla ulizokula Krismasi, ukasema mama bado ana nguvu, nilichuma mimi. Yeye alikaa juu ya kisiki ananionyesha kwa fimbo."

Taimi alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye nyasi, ndoo zake tupu pembeni.

"Mbona hukuniambia?"

"Mama alinikataza. Alisema, Taimi ana raha moja tu maishani, kudhani kwamba hakuna mwingine anayejua. Mwachie."

Pembeni ya ziwa bata mmoja alikuwa anaita vifaranga vyake. Taimi alisubiri ipungue ile sauti ndani ya kichwa chake, ya mama yake akisema "mwachie," na haikupungua.

"Hukurudi tena? Hata mara moja?"

"Nilishaahidi." Elvi alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. "Kila Julai nakuona unapita dirishani na mfuko wa maua usio na maua. Nikasema, bora anarudi na furaha. Nikala kopo langu, nikakaa kimya. Miaka yote hiyo, Taimi. Na wewe kitabu kimoja tu, ambacho mimi hata sijakifungua, kimetosha."

"Ni mimi. Ile namba. Ilikuwa mimi mwenyewe, maktaba wameniambia."

"Lini?"

Taimi alitazama ndoo zake. "Juni."

Hapo Elvi akageuka, kwa mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa umechoka, na macho mekundu, na sabuni haikuwa imeyafikia. "Umejua tangu Juni."

"Nisamehe, wifi."

Elvi akarudi kwenye zulia. Alisugua mstari mmoja mpaka mwisho, akasugua wa pili.

"Nitakusamehe," alisema. "Siyo leo."

"Kesho?"

"Usinihimize, Taimi."

Hakumwita wifi. Taimi alisimama kidogo, akingoja aitwe, kisha akaokota ndoo zake akapanda njia ya kwenda nyumbani.